Uzi wa Bandi

Nimelipa tiketi kwa pesa yangu.
Bogna alisema, omba ya bure, si ulifanya kazi mle?
Nikasema hapana, leo nataka kukaa kama watu.
Safu ya tisa, theluji ya Łódź ikiyeyuka kwenye viatu,
taa zikafa,
na shati langu likaingia.

Ndiyo, langu. La kitani, rangi ya maziwa yaliyolala.
Nililipiga pasi alfajiri kumi na nne
ili Ksawery, mtoto wa jumba la ziwani,
aonekane hajui kama duniani kuna pasi.
Utajiri, alinifunza mkuu wa mavazi,
ni kunyanzi moja tu, mahali pake.
Kunyanzi ile niliitia kwa kidole, kwa mate.

Na Mirek, kijana wa ghorofa za serikali,
aliyealikwa wiki moja akakaa miezi,
yeye nilimkata mikono ya koti sentimita mbili,
vifundo vichungulie.
Basi. Umaskini wake wote ulikuwa hapo,
sentimita mbili za ngozi.

Lo, ni nzuri! Siwezi kusema uongo.
Kamera inateleza juu ya bakuli la aprikoti
kama nzi mwenye adabu.
Mirek ananusa taulo za wenyewe.
Anahesabu vijiko, si ili aibe,
ili ajue tu.
Usiku anavaa lile shati mbele ya kioo,
anafunga kifungo kimoja, anafungua, anafunga,
na mimi nikashika mkono wa kiti,
kwa sababu ile gauni ya kijani ya mama mwenye nyumba,
hariri, pini bado kiunoni,
niliivaa jioni moja baada ya wote kuondoka.
Nilisimama. Sikupumua, pini zisinichome.
Nani alimwambia huyu mwongozaji?

Kisha mtumbwi, ukungu, kasia limeinuliwa.
Ksawery anacheka majini, hajui bado.
Mzee jirani yangu, kofia mapajani,
akanong'ona: Mpige.
Akaona nimesikia. Akajikohoza.

Ingeishia hapo!
Kasia juu, giza, twende nyumbani
kila mtu na kijicho chake mfukoni.

Lakini mgema walikwisha kumsifu mno.
Zikabaki dakika kumi, akazijaza maji:
akaja mwanasheria na barua,
ikaja pete, likaja kovu begani,
kumbe Mirek ni damu yao,
mtoto wa bwana mkubwa kwa yaya,
kumbe hakutamani cha mtu,
alikuwa akidai chake.
Vinanda vikalia. Mwanamke mmoja mbele naye akalia.

Mimi nilikaa nimenuna kama mdai aliyelipwa kwa noti bandia.
Yaani wa kwetu hawezi hata kutenda dhambi yake mwenyewe?
Hata kasia lazima arithi?
Mama yangu alisokota pamba ya watu miaka thelathini
na alimwonea wivu mke wa meneja kila siku ya Mungu,
wivu safi, usio na barua wala kovu,
alioupata kwa jasho lake.

Ndipo nikaiona.
Picha ya mwisho: Mirek ngazini, mwenye mali,
shati la maziwa, mkono umemfika sawasawa.
Siku ile walinijia mbio, refusha, refusha,
hawakusema kwa nini, sisi hatupewi hadithi,
nikashusha pindo, nikapiga bandi tu,
nikajisemea nitalishona vizuri baadaye.
Baadaye haikuja.

Pale, ukubwa wa ukuta mzima,
uzi mweupe wa bandi unaning'inia
kwenye kifundo cha bwana mpya,
mrefu kama kamba ya kengele.
Watu mia mbili, na hakuna aliyecheka.

Majina yakapanda. Bogna angeuliza kama langu lilikuwamo.
Nilitoka kabla ya herufi yangu,
nikasimama kungoja tramu,
meno yakitafuta kitu cha kukata.